Jina la Kosal Kabla ya Saa Sita

Kwa miaka kumi na minane Thavry alikuwa akila kwa kuwaeleza watu wa mbali jinsi watu wa kwao walivyokufa, na kazi hiyo aliiweza. Wageni walimwandikia barua za shukrani. Mmoja wao alisema siku aliyotembezwa naye Phnom Penh ilikuwa siku bora kuliko zote za likizo yake, na tajiri wa kampuni akaibandika barua hiyo ukutani, kando ya kalenda ya bia.

Siku yenyewe ilikuwa imepangwa na mtu aliyeyajua matumbo ya wageni. Asubuhi kasri la mfalme, macho yashibe dhahabu. Kisha gereza, ambalo sasa ni makumbusho, kabla ya chakula cha mchana na kamwe si baada yake. Halafu soko, ili kila mmoja apate kitambaa cha kushika mkononi. Jioni boti mtoni, na bia moja juu ya kampuni.

Lakini siku ya kumi na tano ya Pchum, sikukuu ya kulisha wafu, Thavry aliupindua mpango. Alianza na gereza.

Katika siku hizo kumi na tano milango ya chini hufunguliwa na wafu hupanda kutafuta chakula. Hawabishi hodi. Hupita hekalu baada ya hekalu, saba kwa jumla, wakisikiliza kama jina lao litasomwa. Aliyesomwa hushiba kwa kile ambacho watawa wanakula kwa niaba yake. Asiyesomwa hurudi na njaa yake mwaka mzima, wala hasahau ni nani aliyepaswa kumwita. Na kwa kuwa watawa hawatii kitu kinywani baada ya saa sita mchana, wafu nao wana saa yao ya mwisho.

Siku kumi na nne za kwanza Thavry alikuwa na sababu za kutokwenda: mvua, kichwa, wageni. Siku ya mwisho alitaka ruhusa, na tajiri akamcheka kwenye simu.

"Dada Thavry, wenzako wote wamekwenda vijijini kulisha wafu wao. Wako wapo mjini hapahapa. Si utawapitia?"

Wageni walikuwa wawili tu, walimu wastaafu kutoka Ubelgiji, mume na mke, Joost na Marleen. Thavry alipiga hesabu: gereza saa mbili, hekalu saa nne na nusu. Wageni wangeambiwa kwamba hekalu ni zawadi, haimo katika mpango. Wageni hupenda sana kitu kisichokuwamo katika mpango.

Mkobani mwake mlikuwa na vibakuli vitatu vya bati vilivyopandana, vimejaa ansom, ule wali nata wa nyama ya nguruwe uliofungwa katika majani ya mgomba, na karatasi ya majina. Kila mwaka majina yalikuwa kumi na moja: baba, babu na bibi wa pande zote mbili, shangazi wanne, na wadogo wawili ambao mama aliwachimbia kaburi mwenyewe kwa jembe la kuazima. Mama yake, Bibi Yorn, aliyataja, Thavry akayaandika, kisha mama akaamuru asomewe, ahakikishe halijaongezwa hata moja. Maana jina la kumi na mbili lilikuwapo, na lilikuwa limekatazwa.

Kosal, kaka mkubwa, alikuwa na miaka ishirini na miwili watu wa serikali ya wakati wa mauaji walipomfuata shambani. Walisema anaitwa kwenda kusoma. Ndivyo walivyowaambia wote. Thavry, aliyekuwa na miaka kumi na minne, alimwona akikunja kitambaa chake cha shingoni na kuondoka na watu watatu wasiokuwa na haraka. Mama alilishika neno lile. Kwake Kosal alikwenda kusoma, na aliyekwenda kusoma hatajwi pamoja na wafu. Ukimwita aliye hai katika orodha ile umemkata uhai kwa ulimi wako mwenyewe. Wala Bibi Yorn hakuwa mwehu. Mtoto wa jirani, aliyeliliwa matanga mara mbili, alirudi kutoka Ufaransa baada ya miaka kumi na sita, na kitambi, na mke.

Wiki ya kwanza ya kazi, katika chumba cha tatu cha gereza, ubao wa pili wa picha za wafungwa, Thavry alimwona kaka yake. Sikio la kushoto limejikunja kama jani lililopigwa na jua, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu, namba kifuani. Kwa neno lile la kusoma hawakuwa wamedanganya sana. Gereza lile, kabla ya kuwa gereza, lilikuwa shule.

Jioni ile alirudi nyumbani maneno yako tayari mdomoni. Mama alikuwa akipepeta mchele.

"Umeona nini leo?"

"Wageni," Thavry alijibu.

Alidhani atalisahihisha kesho. Kesho ikawa miaka kumi na minane. Kila alipofika mlango wa chumba cha tatu alishusha sauti na kusema, "Humu nawaacha wenyewe," akatoka kukaa uani. Wageni walidhani ni heshima. Waongozaji wengine waliona jambo lile linapendeza, wakaliiga.

Mwaka huu mambo mawili yalibadilika. Miguu ya Bibi Yorn ilivimba, na kwa mara ya kwanza orodha ingekwenda hekaluni bila yeye. Tena ikaanza ndoto.

"Amekuja tena," mama alisema asubuhi moja. "Kasimama mlangoni. Nampa wali, hauingii. Kinywa chake kimekuwa kidogo, Thavry. Kama tundu la sindano."

"Kula uji, mama."

"Huko ng'ambo aliko hawampikii. Wazungu hawajui wali, wanauchemsha kama nguo."

Mtoto yeyote wa Kikhmer, hata aliyelelewa na redio, anajua ni akina nani wenye vinywa vya tundu la sindano: wafu wasiolishwa. Bibi Yorn naye alijua. Alikuwa ameamua kutojua, na uamuzi huo ulihitaji nguvu ambazo miguu yake haikuwa nazo tena. Kwa hiyo asubuhi ya siku ya kumi na tano, ndani ya bajaji, karatasi ikiwa juu ya goti, Thavry aliandika jina la kumi na mbili chini kabisa. Mwandiko ulikwenda upogo. Aliisingizia barabara.

"Dada, gereza kabla ya chai?" aliuliza Phearum, dereva wake wa miaka mingi. "Utawakata hamu ya kula."

"Watakula saa saba."

"Na mimi je?"

"Wewe huna hamu. Una njaa tu."

"Haya. Lakini nikifa usinisahau kwenye karatasi yako."

Mambo yalikwenda vizuri mpaka chumba cha tatu. "Humu nawaacha wenyewe," Thavry alisema, na Marleen akamshika mkono.

"Hapana, tafadhali. Siwezi bila wewe."

Mgeni akikushika mkono hivyo, kampuni haina maelekezo. Thavry aliingia, akasimama na kuupa mgongo ubao wa pili, akaanza kueleza habari za madirisha. Marleen hakuwa akitazama madirisha. Alitazama ubao, akamtazama Thavry, akautazama tena ubao.

"Samahani," alisema polepole. "Huyu kijana. Ana sikio lako."

"Kwa wageni sote tunafanana," Thavry alisema.

"Marleen, jamani!" mume wake alimkemea.

Marleen akaangua kilio. Aliona amelitukana taifa zima. Aliketi kwenye benchi uani akaomba radhi kwa macho yake, kwa Ubelgiji, kwa utalii, kwa koti lake la mvua lililokuwa na rangi ya furaha mno. Thavry alimpapasa mgongo dakika arobaini, akisema si kitu, si kitu, na kila baada ya "si kitu" aliitazama saa. Mtu anayemlilia ndugu yako hutaki kumharakisha. Ila huyu alikuwa akijililia mwenyewe, na saa ilikuwa tano kasorobo.

Walipotoka, bajaji haikuwapo. Phearum alifika baada ya robo saa nyingine, jasho linamtoka, tabasamu limemjaa usoni.

"Ulikuwa wapi wewe?"

"Pandeni tu, dada. Pandeni."

Hekalu la mtaani kwao lilikuwa limejaa hadi kwenye ngazi. Mikeka, vikapu, wanawake waliovaa vitambaa vyeupe mabegani, moshi wa ubani, watoto waliokatazwa kukimbia na wanakimbia. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini. Thavry aliwakalisha wageni mkekani nyuma kabisa, akawaonyesha namna ya kukunja miguu isielekee kwa watawa, akapenya mpaka mbele.

Msoma majina alikuwa Mzee Nhem, mwalimu wa hesabu wa zamani, aliyewasoma wafu kama alivyokuwa akisoma matokeo ya mtihani: haraka, bila huruma, na kwa kipaza sauti.

"Ya nani hii?"

"Ya nyumba ya Bibi Yorn, mzee."

Aliipitisha kidole. "Kumi na mawili? Hawa kila mwaka ni kumi na mmoja."

"Mzee, wafu huongezeka, hawapungui," alisema mwanamke mmoja nyuma yake. "Soma bwana, ansom yangu inapoa."

"Nitasoma. Kwani kuhesabu ni dhambi?"

Aliiweka chini ya karatasi nyingine mbili. Thavry alirudi nyuma akaketi. Kifuani alihisi kitu kama mzigo unaoanza kuteremshwa. Jina lingesomwa, watawa wangekula, Kosal angeshiba, mama asingejua. Phearum alikuja akachuchumaa kando yake, bado anatabasamu.

"Umemwona mama?"

"Mama gani?"

"Mama yako! Safu ya tatu, pale penye nguzo. Nilimfuata nyumbani mlipokuwa ndani. Nimembeba mgongoni ngazi zote, dada, mzito yule bibi, sijui anakula nini. Alilia kwa furaha. Nikasema na wewe ufurahi."

Thavry alisimama. Nguzoni aliona kichwa kidogo cheupe, kimeinama, viganja vimekutana. Alipiga hatua mbili, mtu akamvuta sketi akae chini, huwezi kusimama watawa wameketi. Kutoka kwenye vipaza sauti, Mzee Nhem alikuwa tayari amefika kwa shangazi.

Akasoma wa nne. Akasoma wadogo wawili. Akaisogeza karatasi karibu na miwani, kama anayetafsiri mwandiko.

"Kosal, mwana wa Yorn."

Kichwa cheupe kiliinuka.

"Nani?" Bibi Yorn hakuhitaji kipaza sauti. "Nani amemuua mwanangu?"

Mikeka yote iligeuka.

"Mzee Nhem! Huyo yu hai! Mtoe!"

Mzee Nhem alimtazama juu ya miwani. Katika maisha yake alikuwa amesahihisha alama nyingi, lakini za upande wa wafu hakuwahi. "Bibi Yorn, limeandikwa."

"Mtoe, nasema!"

Mzee alikisogelea kipaza sauti. "Sahihisho. Jina la mwisho limetolewa. Mhusika yu hai."

Kicheko kilipita mikekani kama upepo kwenye mpunga.

"Heri yake!"

"Mzee, kama unaweza hivyo, mtoe na mume wangu!"

"Wako mwache hukohuko, mtaa umepumzika!"

Watawa, ambao hawacheki, walivuta mabakuli yao wakaanza kula. Ilikuwa saa sita kasoro dakika ishirini na tano. Huko nyuma Joost alipiga picha. Aliona watu wanacheka, akafurahi kwamba hata ibada ina ucheshi.

Thavry alitambaa kwa magoti katikati ya mikeka na masahani mpaka kwenye nguzo.

"Ni wewe umeandika," mama alisema.

"Ni mimi."

"Umechoka kungoja nife ndipo umuue?"

"Mama, nimemwona."

"Hata mimi namwona. Kila alfajiri."

"Nimemwona kazini. Yuko ukutani, kwenye picha. Chumba cha tatu. Wamempa namba. Shati amelifunga mpaka juu."

Mtu mmoja aliomba chumvi, ikapitishwa juu ya vichwa vyao.

"Sikio?"

"Limejikunja, mama."

Kizee kiliupapasa mkeka kama kinachotafuta kitu kilichodondoka. Thavry alingoja kilio. Alikuwa amekiogopa kilio hicho miaka yote, na kwa ajili yake alikuwa amesema uongo asubuhi na jioni. Hakikuja.

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza."

"Ya mvua?"

"Ya kazi, mama."

Bibi Yorn alitazama vidole vyake, akavikunja kimoja kimoja, vikaisha, akaanza tena.

"Kumi na minane," alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa. "Mimi nilikuwa sijui, Thavry. Mimi atanisamehe. Wewe ulijua mwenzio ana njaa. Kila mwaka ulikaa hapa, ukaandika kumi na moja kwa mkono wako, ukanisomea. Halafu ukala."

Miaka yote Thavry alikuwa akiandaa utetezi wa kuficha kifo. Hakuna aliyemuuliza habari za kifo.

"Ninyanyue," mama alimwambia Phearum. Si yeye.

Walikwenda mbele kwa mwendo wa miguu iliyovimba, mikeka ikikunjwa kuwapisha.

"Lirudishe," Bibi Yorn alimwambia msoma majina.

"Bibi Yorn, nimeshatangaza yu hai. Watu wote wamesikia."

"Nilikosea."

"Sasa amekufa au hajafa? Hii si bahati nasibu."

"Amekufa. Na usimwite Kosal. Kosal ni la shuleni, lilikuwa likimpita sikioni hata akiitwa kula. Mwite Tuch. Tuch wa Yorn, wa nyumba ya mashine ya mpunga. Hilo atageuka."

Mzee Nhem alivua miwani, akaipangusa, akaivaa. "Tuch wa Yorn," alisoma, polepole kuliko alivyowahi kusoma jina lolote, "wa nyumba ya mashine ya mpunga." Safari hii hakuna aliyecheka.

Lakini watawa walikuwa wamemaliza. Mabakuli yalifunikwa moja baada ya jingine, na saa ya ukutani, zawadi ya duka la simenti, ilionyesha saa sita kasoro dakika nane. Thavry alileta mkoba. Mama aliuchukua bila kumtazama, akafungua vibakuli, akafungua majani ya mgomba kwa kucha, akainua ansom juu ya kichwa chake kwa mikono miwili mbele ya safu ya watu walioshiba.

Mwishoni mwa safu alikaa mtawa mzee mwenye mashavu yaliyobonyea. Aliitazama saa. Alimtazama Bibi Yorn. Akafunua bakuli lake. Alikula kipande kimoja, bila hamu, kama anayekunywa dawa ya mtu mwingine. Akaomba cha pili kwa kidole. Cha tatu kilikuwa njiani pale mkono wa saa ulipofika, naye akafunika bakuli.

"Ameshiba?" Bibi Yorn aliuliza.

"Vipande viwili, mama," Mzee Nhem alisema. Kipaza sauti kilikuwa kimezimwa.

"Viwili."

Marleen alikuwa amesogea karibu, macho bado mekundu. "Thavry, kumetokea nini?"

"Walikosea jina. Limesahihishwa."

Bibi Yorn aligeuka, akamwangalia mgeni, koti lake, kamera ya mume wake. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu pale nguzoni, akamtazama binti yake.

"Ndio hao wageni wako?"

"Ndio, mama."

"Nenda nao, basi. Hao ndio unaowaeleza habari za wafu."

Thavry alikwenda. Chakula cha mchana kilikuwa saa saba, kama alivyoahidi. Kisha kasri, dhahabu ikaonekana imechelewa. Kisha soko, ambako Marleen alinunua vitambaa vitatu vya shingoni na kuuliza mara mbili kama bei ni ya haki. Thavry alijibu kila swali, na tarehe zote zilikuwa sahihi.

Saa kumi na moja wageni walipanda boti. Yeye alibaki gatini, kama kawaida, akakaa ukingoni. Phearum alikuja akaketi mbali kidogo kuliko alivyozoea.

"Nimemfikisha," alisema.

"Amesema nini?"

"Kwako? Hakusema kitu." Alijikuna shingo. "Dada, mimi nilitaka mema. Naapa sikujua."

"Najua. Amefika akafanya nini?"

"Amenituma sokoni. Mchele wa kunata, gunia. Nyama ya nguruwe. Majani ya mgomba, nimekata mpaka ya jirani. Nikamwambia, Bibi, Pchum imekwisha, milango imefungwa, utampikia nani? Akaniuliza kwani mlango mimi nimeufunga kwa ufunguo gani."

"Halafu?"

"Halafu akawasha moto. Kakaa kwenye kigoda, miguu ile ile. Anasema kuna miaka kumi na minane ya kupika, na wewe usikanyage jikoni."

Boti ilikuwa imefika katikati ya mto. Joost aliinua chupa yake ya bia ya kampuni na kuwapungia. Thavry naye aliinua mkono, akaushikilia juu mpaka boti ilipopinda.